Mbio za mapipa: jinsi ya kumpata farasi anayeendana na mpandaji wake

Tangazo la farasi wa mbio za mapipa huko Texas au Oklahoma halikosi mambo matatu: picha ya farasi aliyeinama kwenye kona vumbi likiruka, jina la baba yake, na muda wake bora. Wanunuzi wengi hurukia muda. Hapo ndipo pesa hupotelea, kwa sababu muda ule ulipatikana na wawili: farasi, na mtu aliyekuwa mgongoni mwake siku hiyo. Mtoe mmoja umweke mwingine, na namba ile haina maana tena mpaka ipimwe upya.

Swali la kuuliza ni jingine. Mpandaji huyu, anapolikaribia pipa kwa kasi huku moyo ukimdunda, mwili wake hufanya nini bila kuamriwa? Na farasi huyu anataka afanyiwe nini wakati huohuo? Majibu yakipatana, hata farasi wa kawaida atakupa siku njema. Yakigombana, farasi wa bei ya nyumba atakuangushia mapipa msimu mzima.

Nikiandika nawafikiria zaidi wazazi wa Kiswahili walioko Marekani. Familia imehamia Fort Worth au Houston, binti kaanza shule, rafiki yake ana farasi, na kabla mwaka haujaisha nyumbani mazungumzo ni mapipa asubuhi na jioni. Mzazi hajui farasi, ila anajua anakaribia kuandika hundi. Kwa aliyezoea mchezo kazi ni ileile, tofauti ni kwamba yeye ana tabia nyingi zaidi za kujichunguza.

Mchezo wenyewe, kwa ufupi

Mapipa matatu ya chuma, yale ya mafuta ya lita mia mbili hivi, hupangwa pembetatu. Kwa vipimo vya kawaida, pipa la kwanza na la pili huachana futi 90 (karibu mita 27), na kutoka kila moja la hayo hadi la tatu ni futi 105 (mita 32). Mstari wa kuanzia uko futi 60 kabla ya mapipa mawili ya mbele. Mpandaji huuvuka mstari akiwa tayari yuko mbioni, huzunguka la kwanza, hukata kwenda la pili, hupanda hadi la tatu mwishoni mwa uwanja, kisha hurudi moja kwa moja akikimbia kwa nguvu zote. Wengi huanza na pipa la kulia, maana yake kona moja ya kulia na mbili za kushoto. Kuanza kushoto kunaruhusiwa.

Kwa vipimo hivyo, mbio nzuri huchukua sekunde 17 hivi. Kwenye fainali za taifa za rodeo (michezo ya wachunga ng'ombe) ndani ya Thomas & Mack Center, Las Vegas, uwanja ni mdogo, kwa hiyo namba zinazotajwa ni 13 na 14. Usizilinganishe na zile za uwanja wa nje. Pipa likianguka kwenye rodeo ya kulipwa unaongezewa sekunde 5, na hapo umekwisha. Ukiligusa likayumba likabaki wima, huna kosa.

Kwenye mashindano ya mitaani, chama cha mbio za mapipa cha NBHA, kilichoanzishwa 1992, kilieneza mfumo wa madaraja. Muda bora wa siku huongoza daraja la kwanza (1D), daraja la pili (2D) huanzia nusu sekunde nyuma yake, na madaraja mengine hufuata chini yake. Mfumo huu ni rafiki wa mwanafunzi kwa sababu farasi wa 3D anayekimbia muda uleule kila wiki huleta zawadi. Vilevile unakuonyesha jinsi nusu sekunde ilivyo kubwa, na nusu sekunde ndiyo inayopotea mpandaji na farasi wasipoelewana kwenye kona moja tu.

Hatua ya kwanza: mchunguze mpandaji kabla ya kutazama farasi yeyote

Watu huanza na farasi kwa sababu farasi ni mzuri wa kutazama. Anza na mtu.

Mpe mpandaji farasi mtulivu ambaye tayari anajua mapipa, wa mwalimu au wa kukodi. Simama pembeni ya pipa la kwanza, hatua kumi hivi kutoka kwenye njia, urekodi kwa simu ukitumia mwendo wa polepole. Rekodi mara kadhaa kwa mwendo wa shoti la kawaida, halafu moja au mbili kwa kasi. Shoti la taratibu halisemi mengi, kila mtu hupanda vizuri akiwa ametulia. Unachotafuta kiko kwenye zile za kasi.

Tazama hatua tatu au nne za mwisho kabla farasi hajaanza kugeuka. Mikono kwanza. Kwenye njia iliyonyooka mikono miwili huwa kwenye hatamu. Kuelekea pipa la kulia, mkono wa kushoto huhamia kwenye pembe ya tandiko (kile kishikio kilichosimama mbele), wa kulia hubaki na hatamu ya ndani. Je, mkono wa kushoto umeondoka mapema, ukiwa bado mbali, au umechelewa mpaka farasi keshaanza kona? Ulipofika kwenye pembe, uliisukuma ili mpandaji akae ndani ya tandiko, au uliivuta kama mtu anayening'inia kwenye mlango wa daladala? Wa kusukuma hubaki chini. Wa kuvuta huinuka, kifua kinaangukia mbele, na uzito wake unampanda farasi mabegani wakati farasi anautaka nyuma.

Kisha kiti. Kuna wanaokaa chini mapema mno, futi nyingi kabla ya pipa, kwa sababu woga umewakalisha. Kuna wasiokaa kabisa, wamesimama kwenye vikuku mpaka kona inawarusha. Kisha macho: anayelitazama pipa huenda kwenye pipa, na farasi naye humfuata. Anayetazama mahali pa kupita, hatua chache pembeni ya pipa na mbele yake, hupita hapo. Miguu iache mwisho, lakini iandike: anapiga, anabana, au imekufa?

Ukishatazama mara nyingi utaona mpandaji wako ana tabia moja inayojirudia. Kwa uzoefu wangu wapandaji ni wa aina nne. Yupo mvutaji: akiona pipa mikono hurudi kifuani. Yupo msukumaji: akiona pipa hupiga miguu na kuachia hatamu, kona ataiwaza akifika. Yupo anayeganda, hafanyi kitu, anakuwa mzigo wa kubebwa. Na yupo anayesubiri, ambaye mikono yake imetulia na hukaa chini sekunde ileile kila mara. Huyu wa mwisho ni nadra, na mara nyingi ana miaka mingi kwenye tandiko.

Usimwambie mtoto "wewe ni mvutaji" kama tusi. Mwonyeshe video. Tabia hizi hurekebishika, lakini polepole, na siku ya mashindano zile za zamani hurudi zote. Mnunulie farasi wa jinsi anavyopanda akiwa na hofu. Siku aliyopanda vizuri mbele ya mwalimu isikudanganye.

Hatua ya pili: farasi anataka nini kabla ya pipa

Kabla ya kugeuka, farasi lazima apunguze bila kusimama: afupishe hatua, ahamishe uzito kwenye miguu ya nyuma, ainue mabega. Kitendo hicho ndicho moyo wa mchezo. Kinachotofautisha farasi ni nani anayekianzisha.

Farasi wa kusukumwa hukianzisha mwenyewe. Amelijua pipa, anaipenda kona, na akiachwa ataianza mapema. Kazi ya mpandaji ni kumpeleka mbele, mguu kwa mguu, mpaka goti la mpandaji limelifikia pipa, ndipo amwachie ageuke. Ukikaa chini mapema au ukivuta, anakata kona kabla ya wakati na pipa linagongwa na bega lake au goti lako. Mapipa mengi yanayoangushwa na farasi wazuri huanguka kwa namna hii, halafu lawama inamwendea farasi.

Farasi wa kushikwa ni kinyume. Anakimbia mpaka aambiwe. Huyu ndiye anayependeza kwenye video, kwa sababu kasi yake kati ya mapipa inaonekana hata kwa asiyejua. Lakini usipokaa chini kwa wakati na kumkumbusha kwa mkono, anapita pipa na kwenda kugeukia karibu na uzio. Muda unapotea, ila pipa linabaki limesimama.

Katikati wapo wale wanaojipunguza kwa kipimo na kukusubiri. Bei zao huanzia mahali pengine kabisa.

Damu hutoa dokezo tu. Wengi wa farasi hawa ni wa aina ya Kimarekani iitwayo Quarter Horse, na ndani yake kuna koo za mbio fupi za uwanjani na koo za kazi ya ng'ombe. Dash Ta Fame, ambaye jina lake liko kwenye nasaba nyingi za mapipa, ni mtoto wa First Down Dash, farasi wa mbio za kasi. Damu kama hiyo mara nyingi huja na mwendo mrefu na hamu ya kukimbia, wakati damu ya ng'ombe huja na miguu ya nyuma inayojikunja na jicho la kutafuta kona. Lakini usinunue karatasi. Farasi wawili wa kike wa rangi ya dhahabu (palomino) waliotamba Las Vegas, Stingray wa Sherry Cervi na Sister wa Hailey Kinsel, wana baba mmoja, PC Frenchmans Hayday. Cervi alitwaa ubingwa wa dunia 2010 na 2013 akiwa na Stingray, Kinsel akautwaa 2018, 2019, 2020 na 2022 akiwa na Sister. Mnunuzi akisikia hayo hukimbilia kutafuta mtoto mwingine wa ukoo huo, kumbe kila mmoja wa wanawake hawa alijenga namna yake ya kupanda juu ya farasi mmoja aliyemjua miaka na miaka.

Jambo la pili ni namna anavyogeuka. Wapo wanaokaa kwa miguu ya nyuma na kujizungusha ghafla. Hao huokoa muda na hutupa watu. Wapo wanaojivuta kwa miguu ya mbele, kona yao ni tambarare zaidi na rahisi kukaa. Wapo wanaozunguka kwa duara laini bila kupoteza mwendo, hawashtui mtu, na saa huwatendea haki kuliko jicho. Mzazi akiniuliza farasi wa kwanza wa binti yake, namwelekeza kwa hawa wa duara.

La tatu ni mdomo na akili. Farasi mwenye mdomo mwepesi huchukia mkono mgumu, na akivutwa atainua kichwa, na kichwa kikiinuka mgongo unalegea na kona imeharibika. Na farasi mwenye joto, yule anayeanza kuchezacheza mbali na lango, hula hofu ya mpandaji wake akairudisha maradufu.

Hatua ya tatu: kuwaoanisha

Hapa watu hukosea kwa kudhani mpandaji mwoga apewe farasi wa kusukumwa kwa sababu "anajipunguza mwenyewe". Inategemea woga wake unaonekana wapi.

Mwoga anayeganda anaweza kumfaa farasi wa kusukumwa aliye mzee na mwaminifu. Hasukumwi, basi anakwenda polepole, anazunguka mapipa kama alivyozoea, na mtoto anarudi salama akitabasamu. Muda ni mbaya, lakini mwezi wa tatu mtoto anaanza kupiga miguu kidogo, na muda unashuka wenyewe.

Mwoga anayevuta ni habari nyingine. Mweke juu ya farasi huyohuyo na utaona mapipa yanalala wiki baada ya wiki, kwa sababu kila anachofanya ndicho farasi anachokisikia kama ruhusa ya kugeuka mapema. Mvutaji anamfaa farasi wa kushikwa, mradi awe mpole na asiwe na mdomo wa kuumia. Mkono unaorudi nyuma, ambao kwingine ni kosa, hapa unatua karibu na mahali panapotakiwa. Baada ya hapo mwalimu ana kazi moja tu ya kumfundisha: aucheleweshe au auwahishe mkono ule. Hana haja ya kumfuta tabia nzima.

Msukumaji ni wa farasi wa kusukumwa, bila mjadala mrefu. Wasichana wenye ujasiri, waliokulia kwenye farasi, wanaofurahia kasi, wote huota farasi wa kushikwa kwa sababu anakwenda. Mwache aote. Juu ya farasi anayekimbia mpaka aambiwe, mpandaji asiyesema chochote isipokuwa "nenda" atautalii uzio wa kila uwanja wa jimbo. Juu ya farasi anayejipunguza, miguu yake ile ile inayopiga ndiyo inayomfikisha farasi mahali sahihi pa kona.

Anayesubiri mpe yeyote. Hawa ndio wanaoweza kufundisha farasi wachanga kwa ajili ya mashindano ya farasi wa miaka minne na mitano. Kassie Mowry, bingwa wa dunia wa 2024 akiwa na farasi Jarvis, amejenga jina lake huko kwenye farasi wachanga, wakibadilika chini yake mwaka hadi mwaka. Usijipime kwake.

Umbo la mpandaji linahesabika kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mrefu mwenye kiwiliwili kirefu atateseka zaidi juu ya farasi mfupi anayejizungusha ghafla, kwa sababu kichwa chake kina safari ndefu ya kurudi katikati. Mtoto mwepesi sana hasikiki na farasi mzito wa mwili aliyezoea mtu mzima. Zaidi ya hapo, kaa kwenye tabia.

Mfano ambao kila mtu wa mapipa anaujua ni wa Charmayne James na Scamper. Alikuwa farasi wa dola 1,100, mwenye sifa ya ukorofi. James alikuwa na miaka 14 aliposhinda ubingwa wa dunia wa kwanza, 1984, na wawili hao hawakuuachia mpaka baada ya 1993: mataji 10 mfululizo. Kwenye fainali za 1985 hatamu ya kichwani ilimchomoka Scamper akiwa anaingia uwanjani. Alizunguka mapipa yote matatu hivyohivyo, bila hatamu ya kumwongoza, na akashinda raundi ile. Watu huisimulia kama muujiza wa farasi. Mimi naiona kama ushahidi wa kitu kingine: kiti na miguu ya msichana yule ilikuwa inamwambia Scamper kila alichohitaji, mkono ulikuwa ziada. Ukiona mpandaji wako bila mkono hana cha kumwambia farasi, usimnunulie farasi anayehitaji kuambiwa mengi.

Hatua ya nne: siku ya kumjaribu

Kabla hujafunga safari, omba video za mbio kadhaa mfululizo kutoka viwanja tofauti, zisizokatwa, kuanzia langoni. Omba hasa zile mbaya. Muuzaji mwaminifu atakutumia. Anayesema zote ni nzuri anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Mtazame pia aliyepanda: kama ni msukumaji hodari na wewe ni mvutaji, video hiyo haikuhusu.

Fika mapema kuliko mlivyoahidiana. Unataka kuona farasi akikamatwa, akitandikwa, akifungwa lijamu. Anarudi nyuma tandiko likikazwa? Masikio yanalala? Angalia lijamu lenyewe. Kama muuzaji anasema farasi ni mwepesi mkononi huku amefungwa chuma kirefu chenye mnyororo mkali chini ya kidevu, na kamba nene inashikilia kichwa kisipande, vyombo vimeshakupa jibu.

Mwache mwenye farasi apande kwanza. Kisha mpandaji wako apande, kwa hatua za kutembea. Watu huona hatua hii ni ya kupoteza muda, nami naona ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote. Azungushe mapipa akitembea, hatamu zimelegea, asiongoze chochote zaidi ya kuonyesha njia. Wewe simama nyuma ya pipa la kwanza utazame sikio la ndani na bega la ndani. Farasi wa kusukumwa ataligeuzia pipa sikio mapema, hatua tatu au nne kabla, na bega litaanza kushukia pipa hata akiwa anatembea; ukitazama chini utaona nyayo zake zinakaribia pipa kidogo kidogo. Farasi wa kushikwa atapita akiwa amenyooka, sikio liko mbele, na kama hakuambiwa ataendelea kutembea kuelekea uzio. Hii haidanganyi. Kasi inaweza kuficha tabia ya farasi, kutembea hakuwezi.

Rudieni kwa mwendo wa kati, kisha kwa shoti la taratibu. Kila mwendo, mpandaji ajaribu kitu kimoja: akae chini hatua mbili mapema kuliko inavyopaswa, aone kinachotokea. Halafu achelewe makusudi. Farasi mzuri kwako ni yule anayelisamehe kosa lako la kawaida. Kosa la mwenzako halikuhusu.

Mbio ya kasi iwe moja, na kwa mtoto isiwepo siku ya kwanza. Kama itakuwepo, tazama langoni. Farasi aliyefanya kila kitu kwa adabu uwanjani anaweza kugoma kwenye ujia wa kuingilia, akarudi nyuma au kusimama kwa miguu miwili. Omba mpandaji apite langoni akitembea, asimame, arudi, aingie tena. Farasi asiyeweza kusimama pale ni hatari, na hatari hiyo haipungui kwa kubadilisha mpandaji.

Mwisho, msikilize mpandaji akishuka, kabla mtu mwingine hajasema neno. "Ana kasi" haina maana. "Nilikuwa na muda wa kufikiri" ndiyo sentensi unayoitafuta.

Hatua ya tano: daktari wa mifugo

Mlipe daktari wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Aangalie miguu ya nyuma, hasa kifundo cha katikati na goti la juu yake, kwato za mbele, na mgongo. Picha za eksirei ni pesa nzuri kwenye mchezo huu kwa sababu kona hubebesha viungo vilevile kila siku. Kwa Quarter Horse omba matokeo ya kipimo cha vinasaba kinachohusisha magonjwa ya kurithi kama HYPP na PSSM1 ya misuli, na HERDA ya ngozi.

Linalotuhusu zaidi hapa ni kwamba maumivu hujifanya tabia. Farasi anayeitwa wa kushikwa, anayepita pipa la kulia lakini si yale ya kushoto, huenda hataki kukalia mguu wa nyuma wa kulia. Anayegoma langoni huenda ana vidonda tumboni, jambo la kawaida kwa farasi wa mashindano. Tandiko lisilomkaa vizuri huzaa tabia mbaya kuliko damu yoyote. Kwa hiyo ukiona mtindo wake uko upande mmoja tu, au umebadilika ghafla mwaka huu kulingana na video za mwaka jana, mwulize daktari kabla ya kumwuliza mwalimu.

Hatua ya sita: viwanja vyenu ni vipi?

Andika orodha ya viwanja ambavyo mpandaji atakimbia kweli mwaka huu. Kama ni kumbi ndogo zilizoezekwa, pipa la kwanza linafika haraka, na farasi anayejipunguza mwenyewe ana faida. Kama ni viwanja vikubwa vya nje, mfano wa kupindukia ukiwa ule wa Cheyenne, Wyoming, farasi wa kushikwa ana nafasi ya kunyoosha miguu na mpandaji ana muda wa kujipanga. Ardhi nayo: wanaokalia miguu ya nyuma huitegemea ardhi iwashike, na ikiwa ngumu juu na yenye utelezi huanguka au huanza kuogopa. Wa duara laini huvumilia zaidi. Kwenye mchanga mzito, farasi mwepesi wa mwili huchoka kabla ya pipa la tatu.

Mkishanunua

Mpe farasi mpya miezi kadhaa kabla ya kusema lolote juu yake. Wiki za kwanza wengi huenda vizuri kwa sababu farasi bado anafuata mafunzo ya mwenye zamani. Baadaye anaanza kumfuata mpandaji mpya, muda unaharibika, na nyumbani panaanza minong'ono kuwa mmeibiwa. Hapo ndipo wawili hawa wanaanza kujuana. Mpigie simu muuzaji umwulize alivyokuwa akipanda. Wengi husema kwa furaha.

Mambo mawili hubadilishwa kwa urahisi. La kwanza ni lijamu: mvutaji juu ya farasi mwenye mdomo mwepesi apewe chuma laini kabla ya kitu chochote. La pili ni upande wa kuanzia. Farasi anayegeuka kushoto kwa shida ana kona mbili za kushoto mkianza na pipa la kulia. Mkianza la kushoto mambo yanageuka, na farasi wengine hupata nafuu. Jaribuni mazoezini, kwa mwendo wa kati, msiende kujaribia kwenye mashindano.

Kisichobadilika kwa urahisi ni nani anaanzisha kupunguza. Mwalimu anaweza kumsogeza farasi kidogo kuelekea katikati, lakini wa kusukumwa atabaki wa kusukumwa. Msimu mzima ukipita, daktari hajaona kitu, mwalimu amejitahidi, na video za mpandaji bado zinaonyesha mkono uleule ukirudi hatua ileile huku pipa likianguka, muuzeni farasi angali na muda mzuri kwenye rekodi. Kwenye tangazo andikeni wazi kwamba ni wa kusukumwa na hapendi kuvutwa. Mtakayempata atakuwa msukumaji aliyekuwa akimtafuta, na bei haitashuka.